Shanga 45 mkononi: jinsi ya kutunga alama yako wewe kuchu mweusi wa kusini

Hii nawaandikia makuchu wenzangu, yani mnaopenda watu wa jinsia yenu au msioingia kwenye uanaume na uanamke wa kawaida, mlio huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Newala, Masasi mpaka Lindi na Kilwa, nyie ambao kila mwezi wa sita mnaona kwenye simu watu wa mbali wamejifunika bendera za upinde wa mvua, alama ya watu kama sisi, afu mnabaki mnajiuliza na mie je, mie mweusi niliyekulia chini ya mikorosho hii kitu inanihusu kweli au ni ya wazungu. Inakuhusu. Ila sikushauri uagize bendera. Nataka nikufundishe kutunga bangili ya shanga, na ukitaka na utunda wa kiunoni, kwa rangi ambazo maana yake unaijua mwenyewe, na kila rangi ntakwambia imetoka wapi, maana alama usiyoijua asili yake haikusaidii kitu siku moyo umekuwa mzito.

La hatari nalisema mwanzo kabisa ili tusidanganyane. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, kile cha kujamiiana kinyume na maumbile, adhabu yake ni kifungo cha maisha na haishuki chini ya miaka 30. Kifungu kinataja kitendo, shanga hakizitaji, lakini jirani yako hajasoma kifungu, yeye anaona rangi tu anaanza kusema. Kwaiyo kila hatua hapa chini nimeipanga kwa swali moja, hii itaonwa na nani.

Tuanze na jina, rangi baadae

Najua unataka kukimbilia shanga lakini subiri kidogo. Kabla hujatunga chochote chagua neno la kujiitia, hata kama utaliita mwenyewe chumbani mlango umefungwa.

Huku pwani tuna neno shoga. Mama zetu wakiitana shoga wanamaanisha rafiki wa kike wa karibu, yule unayemwachia funguo na siri, nenda kwenye shughuli yoyote utawasikia, shoga'angu umependeza, shoga'angu njoo ukae hapa. Neno hilohilo likitupiwa mwanaume linakuwa tusi la kumdhalilisha mbele za watu. Mi nlikuwa naliogopa sana hili neno mpaka nlipokuja kujua mambo mawili. Kule Carriacou, kisiwa kidogo cha nchi ya Grenada kwenye Karibiani, wanawake wanaofanya kazi pamoja na kupendana wanaitwa zami, na neno lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya marafiki. Audre Lorde, mshairi mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1934, mama yake alitokea kisiwa hicho, na yeye akalichukua hilo neno la kina mama wa kwao akajiita nalo bila aibu. Afu kuna Suriname, kule Amerika ya Kusini, ambako Waholanzi walipeleka watu weusi utumwani, wanawake weusi wanaopenda wanawake wanaitwa mati, na mati ni rafiki. Sehemu mbili tofauti, weusi wenzetu, wote wamelifikia neno rafiki. Sisemi kwamba bibi zetu wakisema shoga walimaanisha mapenzi, siwezi kuwasingizia wazee, ila nasema urafiki ni mlango ambao watu weusi wengi wameupitia kufika kwenye mapenzi haya na wewe kama unataka kuupitia upite.

Maneno mengine yapo. Kuchu limetoka Uganda likasambaa Afrika Mashariki, ni letu, halina dharau ndani yake, mi ndo natumia. Weusi wa Marekani kwenye miaka ya 1990 baadhi yao walianza kujiita wapendao jinsia yao, mwanaharakati mmoja anaitwa Cleo Manago ndo alilisukuma sana, kwa sababu waliona yale maneno ya kizungu yamekuja na baa za wazungu na maisha ya wazungu. Kama ulizaliwa na maumbile ambayo si ya kiume moja kwa moja wala si ya kike moja kwa moja, Kiswahili kina neno huntha, la zamani na lipo mpaka kwenye vitabu vya dini. Kuna jina moja nakuomba usilichukue, lile la watu wa roho mbili, hilo wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini walilikubali kwenye mkutano wao Winnipeg, Canada, mwaka 1990, limebeba mila zao wao, tuwaachie.

Ukishachagua liandike kwenye karatasi, lisome kwa sauti mara tatu, afu ichane. Ndo hatua ya kwanza hiyo na wengi wanairuka.

Rangi na zilikotoka

Bendera ya kwanza ya upinde ilipandishwa San Francisco tarehe 25 Juni 1978. Aliyeongoza kazi ni Gilbert Baker, pamoja na wenzake kama Lynn Segerblom na James McNamara, na watu wa kujitolea kama 30 waliochovya vitambaa rangi kwa mikono kwenye mapipa. Ilikuwa na rangi nane siyo sita. Pinki ilikuwa mapenzi ya mwili, nyekundu uhai, chungwa kupona, njano jua, kijani mimea na ardhi, feruzi, ile bluu inayoelekea kijani, sanaa na miujiza, nili, yani bluu iliyokolea, utulivu, zambarau roho. Pinki ikaondoka kwa sababu tu kitambaa chake kilikuwa hakipatikani madukani bendera zilipoanza kuhitajika kwa wingi, na mwaka 1979 feruzi nayo ikatolewa ili zibaki sita ziweze kugawanyika nusu kwa nusu kwenye nguzo za taa pande mbili za barabara. Yani rangi mbili zimekufa kwa sababu ya duka na nguzo za taa, na moja ya hizo ndo ya mapenzi yenyewe. Inaniuma kidogo hii, ndo maana kwenye utunda tutazirudisha.

Nyeusi na kahawia zimekuja baadae sana na ndizo zinazotuhusu. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulikuwa na malalamiko ya miaka mingi, weusi na watu wengine wasio wazungu wanakwenda kwenye baa za mashoga za mji ule wanakataliwa mlangoni, wanaulizwa vitambulisho mara mbili, wanatukanwa, tena na watu ambao wenyewe wanajua kubaguliwa ni nini. Mwezi Juni 2017 ofisi ya mji inayoshughulika na watu wa upinde, mkurugenzi wake akiwa Amber Hikes, ikapandisha bendera yenye mistari nane, nyeusi na kahawia juu kabisa. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, kuna waliosema upinde hauhusiani na ngozi ya mtu kwahiyo msituletee siasa za rangi. Mi nawajibu hivi, mtu ambaye mlango haujawahi kufungwa usoni kwake ndo anaweza kusema mlango hauna rangi. Mwaka uliofuata, 2018, msanii Daniel Quasar akachora ile yenye pembetatu pembeni, nyeusi, kahawia, bluu ya maji, pinki na nyeupe, hizo tatu za mwisho ni za trans, yani watu ambao jinsia wanayojijua siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, zimetoka kwenye bendera ambayo Monica Helms aliibuni mwaka 1999. Na kwa Quasar ile nyeusi imebeba mzigo mwingine, inawakumbuka waliochukuliwa na UKIMWI na wanaoishi na virusi na unyanyapaa wake. Shika hilo la nyeusi mbili, tutalitumia kwenye bangili.

Na kama unadhani haya ya weusi yote yameanzia Marekani, msome Simon Nkoli wa Afrika Kusini. Huyu alikamatwa mwaka 1984 akipinga ubaguzi wa rangi, akawekwa kwenye ile kesi kubwa ya uhaini ya Delmas, na akiwa ndani akawaambia wenzake washtakiwa kwamba yeye ni shoga, wengine hawakutaka hata kukaa nae kesi moja, lakini hakurudi nyuma. Alipotoka, yeye na Beverley Ditsie na wenzao wakaandaa maandamano ya kwanza ya watu kama sisi Johannesburg, tarehe 13 Oktoba 1990, na pale akasema yeye ni mweusi na ni shoga na hawezi kuyagawa hayo mawili. Siku ile kuna walioandamana wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho, kwa sababu kazini na nyumbani wangewajua. Mi ule mfuko wa karatasi nauona ni alama yetu kuliko bendera zote. Aliyeuvaa alikuwepo barabarani, miguu yake ilitembea, na usiku alirudi kwao salama. Nkoli alifariki kwa UKIMWI mwaka 1998.

Vifaa

Shanga za milimita 4 kwa bangili, nyeusi 10, na tano tano za kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu na zambarau. Sokoni zinapatikana kwa wauza urembo, usinunue zote meza moja siku moja, leo chukua mbili tatu na wiki ijayo nyingine, changanya na nyeupe ambazo huzihitaji. Uzi usitumie wa cherehani utakukatikia ndani ya daladala shanga zimwagike miguuni mwa watu, nunua mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba unaopita tundu la shanga mara mbili, kwetu huku mshipi hakuna atakaekuuliza wa nini. Kibiriti, mkasi mdogo, futi kamba, na sahani ya bati iliyotandikwa kitambaa ili shanga zisikimbie.

Kutunga bangili

Pima mkono wako. Tuseme una sentimita 17, ongeza moja isikubane wakati wa joto, inakuwa 18, na shanga za milimita 4 zinazoingia hapo ni 45. Ndo hesabu yake, rangi nane mara tano ni 40, na tano zilizobaki ni zile nyeusi za ziada. Mkono wako ukiwa mnene zaidi ongeza nyeusi na kahawia, rangi nyingine usiziguse.

Kata mshipi mara tatu ya mkono, ukunje uwe nyuzi mbili, maana moja ikikatika nyingine inashika. Tunga zile nyeusi tano za ziada kwanza. Hizi zinakaa karibu na fundo na ukivaa unazigeuza ziangukie pale mshipa wa damu unapodunda, ni za wenzetu waliokufa, na kila mmoja wetu huku ana wake anaemjua, alieachwa wodini peke yake au aliezikwa haraka haraka bila kusemwa alikuwa nani. Ukizitunga mtaje kimoyomoyo. Mi huwa nachukua muda hapa, chai inapoa kabisa, na nakushauri usiharakishe.

Baada ya hapo rangi nane, na hapa ndo siri yenyewe. Usizipange kama upinde. Nyekundu chungwa njano kijani bluu zambarau, huo mfuatano sa hivi hata mtoto anaujua na mtu mzima akiuona anashtuka. Zivuruge. Kaa na mwenzako au marafiki zako wawili watatu mkubaliane mfuatano wenu, labda kahawia, kijani, nyeusi, njano, mnavyotaka wenyewe, mkiuvaa wote mnajuana na kwa mwingine yeyote ni shanga za rangi rangi kama wanazovaa wasichana wote wa mjini. Mfuatano wa kwetu siuandiki hapa. Ukikutana na mtu ana mfuatano wenu na hujawahi kumuona usimfuate, muulize kwanza yule aliekutungia.

Fundo funga kama la wavuvi, zungusha mara tano kwenye uzi wenyewe afu rudisha ncha kwenye kitanzi, lowesha na mate ndo uvute, mshipi mkavu ukivutwa unaungua na kuwa dhaifu. Ncha zichome na kibiriti zivimbe kidogo. Vuta kwa nguvu mara tatu kabla hujaivaa.

Utunda

Huu nimefundishwa kutunga na bibi yangu, Mmakonde wa Newala, na yale aliyonifundisha pamoja na kutunga sitayaandika kwa sababu ya unyagoni hayasemwi nje na mi nayaheshimu. Ila hili halina siri, kwamba mwanamke wa huku amevaa shanga chini ya nguo tangu na tangu na anaeziona ni yule alieruhusiwa kuziona. Nlipoona picha za watu wenye bendera mabegani nlijiuliza kwanini nlie kwa kukosa kitu cha kuonyesha, wakati mimi natoka kwa watu ambao kilicho cha thamani kinavaliwa ndani.

Chukua shanga ndogo za milimita 2. Kiuno cha sentimita 80, ukipima baada ya kula, kinachukua shanga 400. Tunga 45 za kahawia na nyeusi zikipishana, afu tano za rangi moja, tena 45, tena tano, na hapa unatumia zile nane za mwaka 1978, pinki na feruzi zikiwemo. Nane mara 50 inatimia 400 kamili. Ukiutazama kwa mbali ni utunda wa giza wenye vidoadoa, na mwili wako mweusi ndo umebeba rangi zote. Kwa nyie kaka zangu ambao utunda hauwafai, tungeni sentimita 10 za aina hii kwa ajili ya funguo, zikae mfukoni.

Kuna wanaoniuliza kuhusu zile barakoa za mapiko, na yale maumbo ya mti ya kiwiliwili cha mwanamke mwenye mimba ambayo mwanaume wa Kimakonde anayavaa na kucheza nayo, kwamba si ushahidi huo tuuchonge tuvae. Hapana. Ni ya jando na unyago, yana wenyewe na yana maana yao, tukiyageuza kuwa bendera yetu tutakuwa tumewadanganya wazee na kujidanganya sisi.

Kipande cha kanga

Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na kina mama wamelitumia jina miaka yote kumwambia mtu neno ambalo mdomo hauwezi kulitoa. Sasa wale weusi wa Suriname niliowataja wana kitambaa cha kichwa kinaitwa angisa, na wao ujumbe upo kwenye namna ya kukikunja, kuna mkunjo mmoja wenye ncha tatu jina lake maana yake ni waache waseme. Waache waseme! Mara ngapi umeisoma hiyo kwenye kanga. Nlipolijua hili nlikaa kitako.

Kwaiyo tafuta kanga ya zamani, iliyochakaa, ya mtu aliekupenda kama ipo, chagua neno moja tu la kwenye jina, likate na nafasi ya kukunja kila upande, lishone kwa mkono ndani ya pindo la gauni au nyuma ya mfuko wa shati, maandishi yakiangalia ngozi yako. Usimpelekee fundi cherehani hata kama ni rafiki. Mishono midogo, uzi wa rangi ya nguo, basi.

Simu

Hapa ndo wengi wanaumia. Rafiki yangu mmoja bangili yake haikuwahi kuonwa na mtu mbaya, ila aliipiga picha akaiweka kwenye kioo cha simu na maneno juu yake, simu ikapasuka akaipeleka kwa fundi, akamwachia na namba ya siri kama tunavyofanya wote, jioni picha ziko kwenye makundi ya mtaa na baada ya siku nne mwenye nyumba kamrudishia kodi kamwambia atoke. Alihama mkoa. Namkumbuka sana.

Alama usiipige picha. Kama lazima, isionekane sura, kovu, pazia la chumba wala mtaa, zima lokesheni kwenye kamera, ukishamtumia unaemtumia futa na kwenye pipa la takataka la simu. Simu ikienda kwa fundi vitu vyote vitoe kwanza, au kaa hapohapo mpaka amalize.

Ukiulizwa mtaani hizi nini, sema ni shanga nimetunga mwenyewe, unataka nikutungie? Ni kweli tupu. Ukiwa na mtu unaemwamini na mko peke yenu unaweza kumwelezea rangi moja, ile unayoipenda, mengine mpe siku nyingine.

Kutunza

Chumvi usiiachie kwenye mshipi, ukitoka kuoga baharini Shangani suuza na maji baridi ukaushe kivulini. Kila baada ya miezi sita utazame, ukiona umeanza kuwa mweupe au una mkwaruzo usisubiri ukatike. Kata juu ya sahani siyo juu ya mkeka, zihesabu zitimie 45, ikipungua moja itafute mpaka uipate, ndo uanze tena na zile nyeusi tano.